Kisanduku Kimoja cha Jina

Kabla ya sheria mpya, idara ile ya usalama ilikuwa na madawati matatu yasiyopeana hata salamu. Dawati la Ndani ghorofa ya kwanza, Dawati la Mipaka ya pili, na Dawati la Masafa, wale wasikiliza simu na redio, ya tatu. Kila ghorofa na kufuli lake, birika lake, na choo ambacho ufunguo wake mkuu wa dawati aliuvaa shingoni. Siri zilifichwa mpaka waliozificha wakasahau walikoziweka. Mwaka mmoja watu wa Ndani walimfuatilia bwana mmoja wa koti la kijivu kwa miezi saba, wakamjazia jalada nene kama godoro. Kumbe bwana mwenyewe alikuwa ofisa wa Mipaka, na miezi ileile saba alikuwa akimfuatilia anayemfuatilia. Waligongana mlangoni kwa kinyozi, kila mmoja akamtolea mwenzake kitambulisho. Kinyozi alicheka hadi akamkata mteja sikio. Asiyeamini amtafute mteja.

Ndipo bunge likapitisha Sheria ya Uratibu wa Kubadilishana Taarifa. Kila dawati lilazimike kuwapa wenzake kila linachopata, ndani ya siku moja. Akawekwa Mratibu juu ya wote, ghorofa ya nne, mwenye zulia na choo kisicho na ufunguo. Na kifungu cha tisa kikasema: taarifa iliyomo katika madawati yote matatu ihesabike imethibitishwa.

Kifungu hicho Mama Muhuri alikisoma mara mbili, akasonya.

Mama Muhuri alikuwa karani wa masijala, chini kabisa ya jengo, mwaka wa ishirini na tisa kazini. Hakuna karatasi iliyopanda wala kushuka bila kupigwa muhuri wake, na jina alilopewa na wazazi lilikwishasahaulika hata kwenye orodha ya likizo. Ndiye aliyeandika kumbukumbu za kikao cha kutengeneza fomu mpya. Madawati yalikuwa na fomu tatu tofauti, sheria ilitaka moja. Walibishana siku kumi na moja. Fomu za zamani zilikuwa na visanduku viwili vya majina: mtoa taarifa, na mtu anayetajwa. Lakini hakuna dawati lililokubali wenzake wamjue mtoa taarifa wake. Siku ya kumi na moja, kuku wa kukaanga walipoletwa na harufu ikajaa chumba, mtu mmoja akasema, "Jamani, si tukifute tu hicho kisanduku cha mtoa taarifa?" Mikono yote ikanyooka juu, mingine tayari ina mafuta.

Kikabaki kisanduku kimoja, kimeandikwa JINA.

Mama Muhuri aliliona tatizo palepale. Aliinua kalamu aseme. Kisha akaona watu wanavyong'ang'ania mapaja ya kuku, akajiambia haya si yake, akagonga muhuri. Wiki tano baadaye yakawa yake.

Asubuhi hiyo, kwenye trei ya majalada ya kusafirishwa, alikuta la mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi mizani. Alizunguka madukani na maghalani na begi la vyuma vya kupimia, akikagua kama kilo ni kilo. Mtu mkavu, mbishi, asiyeweza kupita karibu na kitu kilichopinda bila kukinyoosha. Jalada lilisema: mtu hatari, amechezea mizani ya ghala la serikali, imethibitishwa na madawati matatu. Apelekwe kituo cha mbali kwa gari la saa kumi. Waliokwenda kituo kile walirudi baada ya miaka, kama walirudi.

Mama Muhuri aliivuta fomu ya kwanza. Mwandiko ulikuwa wa kijana wa mapokezi, yule anayeuliza "Jina lako?" huku anatazama simu. Maelezo: kuna mtu amekata lakiri, ile alama ya kufungia mizani ya ghala, masanduku ya risasi yanatoka mazito kuliko yanavyoandikwa. Kwenye kisanduku cha jina, jina la mdogo wake, kwa kuwa ndiye aliyesimama dirishani kutoa taarifa.

Akafuata zile karatasi nyingine. Ndani waliwapelekea Mipaka, kama sheria inavyotaka. Mipaka wakawaandikia Masafa: tumepata taarifa za mtu huyu. Masafa wakawaandikia Ndani: nasi tunazo taarifa zinazofanana. Ndani wakafurahi kama waliookota dhahabu, wakaandika kwa wino mwekundu: IMETHIBITISHWA. Neno lilitoka mlango wa mbele, likazunguka nyumba, likaingia mlango wa nyuma, wakalipokea kama mgeni.

Na kwenye kila karatasi, pembeni, muhuri wake mwenyewe. Kwa siku alikuwa akigonga mia mbili, majina hata hayatazami.

Akapanda ngazi.

Mkuu wa Ndani alikuwa anakata kucha juu ya jalada la mtu. "Mama, mimi ningemtoa hata sasa hivi. Lakini Mipaka nao wanaye."

Mkuu wa Mipaka akasema, "Sisi? Sisi tumeletewa na Ndani. Lakini Masafa wamemsikia kabisa."

"Mlimsikia anasema nini?" Mama Muhuri akawauliza Masafa.

"Hatukumsikia. Tulisoma kwamba kasikika," akajibu kijana mwenye vipokea sauti shingoni, bila aibu hata chembe. "Ila usijali, Mama. Kama hana hatia, huko kituoni wataona."

"Wewe mamako yupo?"

"Yupo."

"Mshukuru Mungu kwamba hajui unafanya kazi gani."

Ghorofa ya nne Mratibu alikuwa amesimama mbele ya kioo, anajaribu tai ya tatu. Kamati ya bunge ilikuwa inakuja saa nane kuona sheria inavyofanya kazi. Mezani palikuwa na sahani ya maandazi ya wageni, naye alikuwa ameanza kuyapunguza, akipangusa vidole kwenye karatasi ya kwanza iliyomjia mkononi.

"Bosi, fundi aliyeleta taarifa ndiye aliyekamatwa," Mama Muhuri akamwambia, akamweleza yote.

Mratibu akasikiliza huku anatafuna. "Ni kaka yako?"

"Mdogo wangu. Angekuwa si ndugu yangu ingekuwa vilevile."

"Ingekuwa vilevile lakini usingepanda ngazi." Akacheka, punje za sukari zikiwa midomoni. "Kumfuta mtu kunahitaji madawati yote matatu yakubali kwa pamoja."

"Kuna kifungu cha kumi na nne. Mratibu anafuta kwa amri yake ya maandishi."

"Hicho cha dharura. Hii si dharura, hii ni familia." Akageukia kioo. "Sikiliza, Mama. Kama mizani ndiyo inakuuma, andika taarifa mpya. Sema mimi ndiye niliyetoa, wakaichunguze. Ya mdogo wako tutaangalia wiki ijayo."

"Niandike imetoka kwako?"

"Andika. Na nipitishie hayo maandazi."

Mama Muhuri alimtazama mgongo. Akamsogezea sahani, akashuka.

Hakuongeza neno, hakupunguza. Alichukua fomu mpya, akaandika kama alivyoagizwa: kuna mtu amekata lakiri ya mizani ya ghala, risasi zinatoka kwa wizi. Kwenye kisanduku cha jina, cha pekee kilichopo, akaandika majina ya aliyetoa taarifa, herufi kubwa, matatu yote kama yalivyo kwenye kitambulisho. Akagonga muhuri. Akaitia kwenye trei ya Ndani saa nne kasoro.

Saa tano ilikuwa Mipaka. Saa sita na nusu Masafa walishaisoma, wakawajibu Ndani kwamba nao wanazo taarifa zinazofanana. Saa saba na robo wino mwekundu ulikauka. Hakuna aliyeshtuka kuliona jina la bosi wake. Wote walifurahi kimyakimya, maana hakuna aliyempenda.

Saa tisa na dakika tano Mratibu alikuwa bado mbele ya wabunge sita, kijiti mkononi, anaonyesha mchoro wenye mishale. "Zamani, waheshimiwa, taarifa kama hii ingechukua miezi. Leo ni saa chache tu mtuhumiwa anakuwa mikononi mwetu." Mlango ukafunguliwa. Wakaingia askari wawili wakubwa kama makabati, mmoja akamshika kiwiko kwa heshima.

"Mkuu, tafadhali. Umethibitishwa."

Mbunge mmoja alipiga makofi, akidhani ni maonyesho.

Mratibu aliomba dakika tano za kujisaidia, akashuka ngazi mbilimbili hadi masijala, askari nyuma yake. Tai ilikuwa imemgeukia begani.

"Wewe mwanamke, umeniandika!"

"Uliniambia niandike imetoka kwako. Fomu ina kisanduku kimoja, Bosi."

Mratibu akavuta karatasi. "Kifungu cha kumi na nne. Nigongee muhuri sasa hivi." Akaandika amri ya kulifuta jina lake.

Mama Muhuri aliuweka muhuri mapajani. "Ongeza la mdogo wangu."

Akaongeza.

"Sasa na wengine. Nimepekua trei tangu saa nne. Wako arobaini na mmoja, wote waliofika dirishani kwa miguu yao kusema jambo. Kuna mwalimu wa kuogelea. Kuna mama wa watoto wanne."

Mratibu akashusha sauti. "Wawili ni kosa la karani. Arobaini na watatu ni kosa la sheria. Hao wabunge huko juu watauliza nani aliipitisha, na wao ndio walioipitisha. Unafikiri watakubali?" Akaitazama saa ya ukutani. "Gari linaondoka saa kumi. Mimi naweza kusubiri, nina wakili. Mdogo wako anaye?"

Saa tisa na dakika ishirini. Mama Muhuri alisikia injini ya gari ikipashwa moto uani. Akagonga muhuri kwenye majina mawili.

Mratibu aliichukua nakala yake, akaibusu. Ndiyo, akaibusu ile karatasi, akaiachia alama ya midomo yenye sukari kando ya wino. Mama Muhuri akafuta meza kwa kitambaa, akaifuta tena, kisha akakitupa kitambaa.

Mdogo wake aliletwa mapokezi saa tisa na nusu, kiatu kimoja hakina kamba.

"Twende nyumbani," Mama Muhuri akamwambia.

"Na mwalimu?"

"Mwalimu gani?"

"Wa kuogelea, Dada. Tumelala naye chumba kimoja siku tatu. Alikuja kusema kuna mtu anapiga picha watoto bwawani. Ameshatoka?"

"Nimeweza wawili tu."

"Mimi na nani?"

Alitamani kudanganya. "Wewe na Mratibu."

Fundi mizani alimtazama dada yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu utotoni, kama anavyotazama chuma cha kilo kilichotobolewa chini kwa wizi. Kisha akarudi kwenye benchi la mapokezi, akakaa, akakunja mikono.

"Mzee, umeachiwa. Unaweza kwenda," kijana wa dirishani akamwambia.

"Siendi."

"Haiwezekani. Huruhusiwi kukaa hapa kama hujakamatwa."

"Basi nikamate."

Kijana akapekua kitabu cha sheria, ukurasa kwa ukurasa, hakukuta kitu. Mama Muhuri akambembeleza mdogo wake kwa jina la utotoni, akamtisha kwa marehemu mama yao, akamwita punda. Fundi hakusogea. Uani mlango wa gari ulifunguliwa, mtu akaanza kuita majina kwa sauti ya kuhesabu magunia.

Mama Muhuri alijitazama mikono. Wino ulikuwa umeingia hadi kwenye mistari ya kiganja, miaka ishirini na tisa, na kwa mara ya kwanza ulimtia kinyaa. Akavuta rundo la fomu tupu, zile za kisanduku kimoja, kutoka dirishani kwa yule kijana, akalikumbatia kifuani, akaanza kupanda ngazi kuelekea kwa wabunge, akiwahesabu kwa sauti waliopo juu: sita, na majina yao yote alikuwa anayajua.