Mkono wa Kalunde

Mbula alianguka akipeta ndengu uani kwake Kasikeu, mwaka ule wa sabini na nane. Alipozinduka, upande wote wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi na mdomo umepinda kidogo, lakini maneno yalimtoka sawasawa. Aliuliza kama kuku wamefungiwa, na ni nani atakayewafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Binti yake Mumbua akamshukuru Mungu.

Siku chache baadaye, Mumbua akimnywesha uji, mama yake akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni, "Mwambie huyu atoe mkono wake kitandani mwangu."

"Nani, Mwaitu?" Mumbua akauliza; ndivyo alivyomwita mama yake kwa Kikamba.

Mbula aliinua shuka kwa mkono wa kulia. Chini yake hapakuwa na kitu ila mkono wake mwenyewe wa kushoto, umelala tuli.

"Huo ni wako."

"Wangu naujua. Huu ni wa Kalunde. Tena ni baridi. Amekuja lini?"

Kalunde alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa mbali huko Kyuso, na miaka ilikuwa imepita bila yeye kukanyaga Kasikeu. Mumbua aliushika ule mkono, akaufuata kwa kidole kutoka kiganjani hadi kiwikoni, hadi begani. "Umeshikana na wewe, Mwaitu. Unaona?"

"Naona," mama yake akajibu. "Ndiyo maana nakwambia. Amesogea sana."

Daktari Njogu wa zahanati alikuja na pikipiki yake. Alimdunga Mbula vidoleni kwa ncha ya sindano kuona kama anahisi, akamuuliza maswali mengi kwa upole, kisha akamwita Mumbua nje.

"Kuna sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kuujua mwili kwamba ni wako," alisema. "Wewe hujawahi kuisikia ikifanya kazi, kwa sababu haijawahi kuacha. Kwake imeacha upande mmoja."

"Kwa hivyo ana wazimu?"

"Hapana. Ni mama yako yule yule. Ila usibishane naye."

Mumbua hakubisha tena. Lakini alasiri moja alirudi kutoka shambani akamkuta mama yake sakafuni, shuka ina damu. Alikuwa ameukwaruza mkono ule kwa kucha na kujaribu kuusukuma utoke kitandani, nao ukamvuta wakaanguka pamoja. Hakulia. Alisema tu kwamba amechoka kulala na mtu asiyeongea. Kesho yake Mumbua akatuma neno Kyuso.

Kalunde alifika, mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Aliketi kando ya kitanda akaweka mikono yake mapajani. "Mikono yangu hii hapa, mdogo wangu. Miwili."

Mbula aliitazama kwa makini. "Basi unayo mitatu. Chukua huu, umenilemea."

Kalunde alimtupia Mumbua jicho, kisha akaushika ule mkono wenye makovu mabichi kwa mikono yake miwili. Akakaa nao kitambo.

"Haya. Nimeuchukua. Nitaenda nao nyumbani."

Mbula alilala usingizi mzito. Tangu siku hiyo hakuutaja tena. Mumbua alipomwogesha na kufika upande wa kushoto, mama yake alimtazama kwa mshangao akamuuliza anaosha nini. Mumbua alijibu kwamba anaosha shuka.

Mbula alifariki kabla ya mavuno. Kalunde alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja mazishini, kwa hiyo baada ya matanga Mumbua alimfuata Kyuso. Alimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, kanga imetandazwa mapajani.

"Mlimzika na mikono yote miwili?" Kalunde aliuliza walipokwisha kusalimiana.

"Yote miwili, mama mkubwa."

Kalunde akatikisa kichwa polepole. "Nilisema vile ili apate kulala. Wewe ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Sasa kila nikikaa, ule mkono unakuja unalala hapa." Alionyesha pajani kwa kidevu. "Hauniumizi. Ni baridi tu. Daktari wa huku ananiambia ni huzuni."

Mumbua alikumbuka maneno ya Njogu, akataka kuyasema, lakini huyu hakuwa ameanguka popote. Macho yake yalikuwa maangavu, na viungo vyake vyote vizima.

"Wewe ni damu yake," Kalunde alisema. "Nishikie kidogo, nikupikie chai."

Mumbua aliona aibu, lakini alikinga viganja vyake. Kalunde aliinua kitu kisichoonekana kwa uangalifu mkubwa, akakiweka hapo, akasimama upesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alisikika jikoni akivunja kuni na kusuuza sufuria.

Mumbua alibaki mlangoni, juani, viganja vyake vikipoa. Hakuthubutu kuvishusha mpaka Kalunde aliporudi na vikombe, akaketi, akaupokea.