Muziki wa Nyumba ya Eda

Ujumbe wa sauti uliingia Intisar akiwa na unga wa chapati viganjani, na kwa vile hajapata katika maisha yake kuiacha habari isubiri, aliubonyeza kwa kifundo cha kidole.

"Haya, wanangu," ilisema sauti ya Samiha, mwalimu wake aliyekuwa Mombasa, akifundisha kundi la wasichana kwa simu namna ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta. "Biti za harusi mmeshanionyesha, nimecheza mpaka jirani kagonga ukuta. Sasa nataka kitu chengine. Nileteeni muziki ambao mtu hawezi kuucheza. Asiweze hata kutikisa bega. Akae, asikilize, akumbuke kwao. Jumamosi tunaanza kusikilizana."

Intisar alicheka peke yake jikoni. Muziki hauchezwi! Huo muziki au hotuba ya Ijumaa?

Maana yeye jina lake lilitokana na kuchezesha watu. Chuoni Unguja alikwenda kusomea utangazaji, akafundishwa kukata sauti za habari kwenye programu, na sauti za habari zikamchosha wiki ya pili tu. Akaanza kupika biti. Singeli za kukimbiza moyo, midundo ya kumtoa bi harusi ndani, vitu ambavyo hata walinzi wa bweni walivitingishia funguo. Na kila alipomaliza biti, chuo kizima kilishajua kabla haijapoa. Mwenyewe hakuwa na kifua. Mamkubwa wake alikuwa akisema, mtoto huyu ukimpa siri umetia maji kwenye pakacha.

Lakini sasa alikuwa amerudi kwao Wawi, na nyumba ya Wawi ilikuwa na eda.

Baba Shaame, mume wa mamkubwa, fundi wa kanzu, ndiye aliyemlea Intisar tangu hajajua kufunga vifungo. Alifariki wakati Intisar akiwa kwenye mitihani ya mwisho, na aliporudi alikuta kaburi limeshaota majani. Mamkubwa Mwatum alikuwa amekaa ndani, hana udi, hana hina, hana wanja, na tasbihi ndiyo mwenzake. Nyumba kama ile huipigii ngoma. Basi Intisar alifanya kazi zake kwa hedfoni, laptopu akiiweka juu ya meza ya marehemu ya kukatia vitambaa, pale ukumbini, kando ya charahani.

Hata hivyo aibu haikumkosa. Bi Saada, jirani wa nyumba ya pili, aliingia siku moja na sahani ya muhogo, akamkuta mtoto anatikisa kichwa, mabega yanapanda na kushuka, na nyumba nzima kimya.

"Auudhubillahi! Mwatum! Mwatum we! Mtoto kapandwa!"

"Sijapandwa, Bi Saada. Nasikiliza."

"Wasikiliza nini, mbona miye sisikii kitu?"

"Ndo maana nikavaa hivi vya masikioni."

"Basi wanipandisha presha bure, mwanangu. Shetani mwenyewe angenionea haya, angebisha hodi kwanza."

Kazi ya Samiha ilimshinda tangu mwanzo. Alichukua biti yake moja ya harusi, akaitoa ngoma. Kilichobaki kilikuwa kinanda chembamba kinachozunguka peke yake kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Akatoa na kinanda. Kikabaki kitu kama urojo usiotiwa bajia wala mshikaki, maji ya ndimu matupu. Akaanza upya, akafuta, akaanza tena. Mkono ulikuwa umezoea: kila baada ya muda mdogo unatafuta pa kutia pigo.

Jumatano, baada ya adhuhuri, akaja Jabir, mtoto wa marehemu kwa mke wa mwanzo. Naye alikuwa fundi wa nguo, huko Gando, mtu mpole asiyejua kuketi bila ya kunyoosha pindo la kitu. Aliketi kwenye mkeka mlangoni mwa chumba, akatoa shikamoo yake, akauliza hali, akauliza tena, akanyoosha pindo la mkeka, halafu akasema:

"Mama, lile la charahani, warithi wenzangu wameridhia, na wewe uliridhia. Ijumaa tukishasali ntakuja na gari ya kirikuu niichukue, inshallah."

"Ichukue, baba. Chombo cha kazi kikikaa bure chaliwa na kutu."

Mamkubwa alilisema hilo bila ya kutetemeka. Intisar ndiye aliyejihisi kama mtu aliyenyanyuliwa ngazi akiwa juu ya mkarafuu.

Kwani utoto wake wote ulikuwa pale chini ya meza. Alikuwa akilala juu ya vipande vya bafta, kichwani mto wa vitambaa vya kukatwakatwa, na kando yake charahani ikienda. Akijua kwa kusikia tu nini kinashonwa. Pindo la chini la kanzu lilikuwa refu, likienda kama mvua ya masika juu ya bati. Mfuko ulikuwa mfupi, mfupi, kona, mfupi. Shingo ilikuwa polepole, kama mtu anayevuka daraja la mnazi. Kukaribia Idd nyumba ilikuwa haina sauti nyengine, na watu wakipita njiani wakipaza, "Shaame, yangu ishafika wapi?" naye akijibu bila ya kuinua kichwa, "Imebaki mikono, yakhe!" hata kama kitambaa chenyewe hakijakatwa.

Na Intisar, mtu wa sauti, aliyerekodi mpaka pangaboi la bweni, hakuwa na sauti hata moja ya Baba Shaame. Picha anazo. Sauti hana. Siku zote charahani ilikuwepo, nani angefikiri kuirekodi? Na sasa inaondoka Ijumaa.

Basi hakungoja. Jabir hajafika barabarani, yeye keshaweka simu juu ya meza, kaketi kwenye kigoda, kaanza kuikanyaga charahani.

Alikanyaga mpaka miundi ikamuuma. Kisha akafungua laptopu. Akachukua kipande kilichokwenda vizuri, kisicho na kigugumizi, akakikata safi, akakirudiarudia. Akaipunguza kasi sauti ya gurudumu mpaka mlio wake ukawa mzito kama upepo unaopita shambani. Akaupa ukumbi mwangwi wa msikitini. Alipokuja kusikiliza, nywele zilimsimama. Hauchezwi! Wallahi hauchezwi, na ni muziki! Aliinuka akazunguka meza, akaketi, akaandika kwa Samiha "Mwalimu nimeipata", akaifuta, maana kwanza alitaka mtu wa karibu aisikie, na wa karibu alikuwa mmoja.

"Mamkubwa, nikuvike hizi, dakika mbili tu. Si ngoma, nakuapia."

"Kitu gani?"

"Wewe sikiliza."

Mamkubwa Mwatum aliweka tasbihi pajani. Akavishwa hedfoni juu ya ushungi. Uso ulifunguka kidogo, kama dirisha linalosukumwa na upepo.

"Charahani yetu!" alisema, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio.

Intisar alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mamkubwa akaendelea kusikiliza. Akasikiliza tena. Halafu lile dirisha likarudi taratibu, likajifunga. Alizivua mwenyewe, akamkabidhi.

"Nzuri, mwanangu. Ila mshonaji simjui."

"Mshonaji ni mimi! Lakini charahani ni ileile."

"Yasikika. Lakini hino kanzu gani ya kutoka Wawi mpaka Shumba haina kituo? Huyu mtu hakohoi, hapulizi vumbi, uzi haumkatikii. Shaame angeshona hivi angekufa kijana."

Intisar alicheka, kisha akauliza, "Baba Shaame alikuwa akisimamasimama?"

"We ulikuwa walala chini ya meza, wajua wapi. Miaka ya mwisho, we uko chuoni, macho hayakuwa yake. Uzi ukimkatikia hauoni tundu la sindano. Basi charahani ikinyamaza, miye nshajua. Naacha chungu, naja kumtilia uzi. Hana haja ya kuniita. Shaame akikuita, ujue kuna mgeni." Aliokota tasbihi, akaishika tu bila ya kuhesabu. "Weye waniwekea pale anapokwenda. Anapokwenda si pangu. Pangu miye pale anaponyamaza."

Intisar alirudi ukumbini. Alikaa na laptopu mapajani akiangalia kile kipande chake kilichojipanga kwenye kioo, vinukta vya mapigo vimekaa sawasawa kama vifungo. Alikuwa ameitoa ngoma kwa mkono mmoja, akairudisha kwa mkono mwengine. Mtu angeweza kabisa kuucheza ule. Bega lingetikisika.

Alhamisi, baada ya alasiri, alimwambia mamkubwa lile alilokuwa akilizungusha tangu jana.

"Kakanyage wewe."

"Mimi? Mie eda yangu haijesha, niende nikakupigie kinanda?"

"Charahani si kinanda. Na ukumbi ni wa ndani, hakuna mwanamme."

Bi Saada alikuwapo, bila shaka. "Kushona hakujakatazwa," alitoa hukumu, kwa heshima ya mtu asiyeulizwa. "Kilichokatazwa ni mapambo. Na weye Mwatum kwenye charahani utakuwa kila kitu isipokuwa pambo."

Mamkubwa Mwatum aliketi kwenye kigoda cha mumewe kama mtu anayeketi kitandani kwa mgonjwa. Miaka yote ile hakupata kuikanyaga hata mara moja. Mguu wa kwanza ulirudisha gurudumu nyuma, uzi ukajisokota, ukakatika.

"Yakhe!" Bi Saada alipiga makofi. "Mke wa fundi huyo!"

"Nyamaza, Saada, waharibu rikodi!"

"Kumbe warekodiwa na weye wajua?"

Wakacheka wote watatu, mamkubwa kaufunika mdomo kwa ushungi, mabega yanamruka. Kicheko cha kwanza cha mamkubwa tangu msiba. Intisar alitaka kuizima simu aanze upya, mkono ukafika, ukarudi. Aliiacha.

Mamkubwa akatia uzi. Akafumba macho. Na alipoanza safari hii hakuwa akishona, alikuwa akikumbuka. Alikanyaga mwendo mfupi, akaacha. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Akakanyaga tena, refu, pindo la chini la kanzu, akipunguza mahali ambapo Shaame alikuwa akiuviringisha mshono, kisha akaongeza. Mguu ulikosea, ukajirekebisha, ukakosea vyengine. Haukuwa mguu wa Shaame. Lakini Intisar, aliyekuwa ameketi chini bila ya kujua ameketi lini, alisikia mwendo wa mtu akifuatwa nyuma na mtu anayemjua.

Halafu charahani ikanyamaza.

Mamkubwa aliinuka. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama pale, akageuka, akarudi kwa ndara zake zile zinazoburura, taratibu, mpaka mbele ya charahani. Akainama. Akailamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu. Akangoja kidogo. Pale ndipo alipokuwa akisemwa, siku zote, "Ahsante, Mwatum," na hakuna aliyesema. 

Ijumaa Jabir alikuja na kirikuu. Aliifunika charahani kwa shuka kabla ya kuitoa mlangoni. Pale ukumbini pakabaki alama za miguu yake ya chuma kwenye saruji.

Tangu Alhamisi usiku mpaka Jumamosi asubuhi Intisar alifanya kazi kama mtu anayechambua mchele wa wali wa harusi. Hakupanga kitu kwenye mistari. Kukosea kwa mguu alikuacha kukosee. Chini yake alitandika ule mlio mzito wa gurudumu, mdogo kiasi cha kuhisiwa kuliko kusikiwa, na ulipofika ule ukimya aliutoa hata huo. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Vidole vilimwasha kutia kitu, hata kengele moja, hata mwangwi. Ukimya mrefu namna ile, msikilizaji atadhani simu imezimika. Lakini aliuacha wote, na ndara, na pumzi.

Mamkubwa aliusikiliza mpaka mwisho.  Akasema, bila ya kuzivua hedfoni, kwa sauti yake kubwa: "Hino usimpelekee mtu."

"Mamkubwa, mwalimu anaingoja. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote."

Mamkubwa hakusikia, au alisikia. "Mie na Shaame hatujapata kukaa mbele za watu namna hii."

Na Jumamosi Samiha akauliza. "Intisar, iko wapi? Wenzako wote washatuma. Wewe ndo wa mwisho, wewe mwenye habari kabla ya redio!" Intisar alirekodi jibu refu, lenye habari ya charahani, na eda, na uzi, na kila kitu. Akalifuta. Akarekodi jengine: "Sijamaliza, mwalimu. Nimejifunza lakini. Wiki ijayo ntakuletea nyengine." Liliondoka, naye akaiweka simu kifudifudi.

Siku zikaenda. Mamkubwa alijifunza mwenyewe kuubonyeza ule muziki. Kila baada ya alasiri alikuwa akizivaa zile hedfoni, tasbihi mkononi, uso ukutani. Bi Saada aliingia siku moja na kisahani chake, akaketi, akaanza habari ya mtoto wa fulani anayeposwa Wete, na Intisar akasogea karibu, maana habari ni habari.

"Naja!" alipaza Mamkubwa Mwatum ghafla. "Naja, naja, ngoja nioshe mikono!"

Bi Saada aligeuka kuangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akamwangalia mwenziwe, aliyekuwa bado na mgongo kwao, amenyoosha vidole viwili mbele kama anayeshika uzi.

"Amjibu nani?" alimnong'oneza Intisar.

Jibu lilikuwa pale pale ulimini, lote, kwa urefu wake. Intisar alilimeza.

"Hamjibu mtu, Bi Saada," alisema. "Enhe, huyo anayeposwa, mama yake nani?"