Kioo Kilichoachwa Juani

Watu wa Lusangi walinisifu kwamba nina macho ya kuona wadudu wa malale. Niliwaacha waseme, maana sifa ni tamu na mimi ni mtu wa kupenda sifa. Lakini ukweli ni kwamba mdudu mwenyewe sikumwona kwanza. Nilichokiona kwanza ni chembe nyekundu za damu zimetulia juu ya kioo, halafu moja inatikisika. Chini ya hadubini hakuna upepo. Chembe nyekundu haina mkia, wala haina mahali inapotaka kwenda. Ikitikisika, basi kuna aliyeipiga kikumbo. Unangoja. Ya jirani nayo inatikisika, kisha ya tatu, na hapo ndipo unamwona anayepita kati yao: mwembamba, mng'avu, naye pia chembe moja tu iliyo hai, anajipinda na kujinyoosha, ana haraka isiyo na safari.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka shule ya wauguzi Kasongo. Tulikuwa wawili kwenye benchi moja: mimi, Grégoire, mtoto wa wakulima wa Lusangi, na Faradji, Mwislamu wa Kasongo, mtu wa maneno machache aliyesoma vioo kwa umakini ule ule aliokuwa nao akisali. Juu yetu alikuwapo Mbelgiji mmoja, ajenti wa afya, ambaye watu walimwita Bwana Shingo kwa sababu kutwa nzima alishika shingo za watu. Kijiji kizima kilipangwa mstari, naye akapapasa nyuma ya kila shingo akitafuta tezi zilizovimba. Mwenye tezi aliandikwa namba mkononi kwa wino, akachomwa sindano kwenye tezi, na maji yaliyotoka yakadondoshwa juu ya kioo, yakafunikwa kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu, yakaletwa kwetu mbio.

Mbio, kwa sababu wadudu hawa hawavumilii joto wala ukavu. Ndani ya mwili wa mtu wako kwao, lakini juu ya kioo uhai wao ni wa dakika. Ukiwaweka kivulini, na kitambaa kibichi kando, utawakuta bado wanacheza. Ukiwaweka juani wanakwenda kasi kwanza, kama watu walioshtuliwa, kisha wanalegea, wanajikunja, wanatulia. Na mdudu aliyetulia katikati ya chembe zilizokauka, sisi hatukuwa na namna ya kumtambua. Aligeuka uchafu kati ya uchafu. Ndiyo maana sheria ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa kwamba kioo kisomwe kikiwa kibichi.

Sasa niseme habari ya Mama. Mama yetu, Régina, alipatikana na malale mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne. Alichomwa sindano ya wakati ule, kila wiki, miezi mitatu. Usingizi ulimwacha, na macho nayo yakamwacha. Alirudi nyumbani akiwa ameshika bega la mdogo wangu Emilienne, mtoto wa miaka tisa, na kwa miaka kumi na miwili iliyofuata mkono ule haukutoka pale. Emilienne alikua na bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine. Nilikuwa namtania kwamba akiolewa, mume itabidi amsimamishe kwenye mteremko ili alingane. Alikuwa akinijibu, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwamba atatafuta mume aliyepinda kama yeye.

Masista wa Kasongo walimfundisha kushona, na walipouona ustadi wake wakamsaidia kupata cherehani. Alishona magauni ya komunyo ya watoto wa Lusangi nzima. Macho yake yalikuwa makali kuliko yangu, na simsifu kwa kuwa ni ndugu yangu. Aliweza kuona kifungo kilicholegea kwenye shati langu nikiwa bado ng'ambo ya ua. Nyumba ile iliishi kwa macho yale. Ndiyo yaliyochambua mchele, yaliyomwongoza Mama kisimani, na ndiyo yaliyotulisha.

Mwaka wa arobaini na sita, vita vya Wazungu vikiwa vimekwisha, kundi letu lilifika Lusangi. Asubuhi, kabla ya mstari, Bwana Shingo alituambia kwamba imekuja dawa mpya. Mgonjwa akipatikana mapema, wadudu wakiwa bado kwenye damu na tezi, atachomwa dawa hii, nayo haigusi macho. Dawa ya zamani imebaki kwa waliochelewa tu, ambao wadudu wameshaingia kwenye maji ya uti wa mgongo. Nilimsikia vizuri. Lakini nilimsikia kama mtu aliyekwisha kuambiwa mengi. Tuliambiwa kazi ya kugema mpira itakwisha vita vikiisha, na watu walikuwa bado wanakwenda msituni. Sindano ilikuwa na sura ile ile, mkono uliokuwa ukiishika ulikuwa ule ule. Mimi sindano niliijua kwa macho ya Mama.

Emilienne alikuwa namba sitini na tatu. Alikuja akicheka kwenye mstari, kwa sababu mimi ndugu yake nilikuwa nimekaa mezani kwa koti jeupe. Bwana Shingo alimgusa shingo, akasita, akamgusa tena. Sikushangaa sana. Kila wiki Emilienne alishinda mtoni akiloweka mihogo, na pale penye maji na kivuli ndipo mbung'o wanapouma. Nilijiambia tezi huvimba kwa mambo mengi. Kioo kikaletwa, nikakisoma kikiwa kibichi. Chembe moja ikatikisika.

Nilingoja, nikiomba iwe mkono wangu uliogusa meza. Ya pili ikatikisika. Kisha wakapita, watatu katika duara moja, wazima, wenye nguvu, wakizipiga chembe za damu ya ndugu yangu vikumbo kulia na kushoto. Nikaona wanawake wawili vipofu katika nyumba moja, kila mmoja akinyoosha mkono kutafuta bega la mwenzake.

Nilikichomoa kile kioo nikakiweka ukingoni mwa meza, pale turubai lilipokuwa limechanika na jua likipenya. Nikachukua kitambaa nikaanza kusafisha lenzi iliyokuwa safi.

Faradji aligeuza kichwa. "Kioo yako iko ku jua, ndugu," akasema.

Nilimjibu kwamba nasafisha lenzi. Akaitazama namba iliyoandikwa juu ya kioo, akamtazama Emilienne aliyekuwa amekaa chini na pamba shingoni, akarudi kwenye hadubini yake. Nami nikaendelea kusugua mpaka maji yakakauka ukingoni mwa kile kioo. Kisha nikaandika kwamba sikuona kitu.

Sheria ya pili ilisema kwamba tezi ikivimba na kioo kisionyeshe kitu, msomaji wa pili akitazame. Kioo kikapelekwa kwa Faradji, na Bwana Shingo akasimama nyuma yake. Faradji alikitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akasema kwamba hakuna kinachotembea, na Bwana Shingo akagonga muhuri kwenye karatasi ya Emilienne. Emilienne alipita mbele ya meza yangu akanikonyeza. Mchana alituletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, akakaa nasi akila, na akamwambia Faradji kwamba kola ya koti lake imeshonwa na mtu mwenye hasira.

Nilifurahi siku ile. Sitadanganya. Nililala vizuri.

Baada ya wiki chache tezi zake zikanywea, naye akaniandikia kwamba amepona hata kabla ya kuugua. Nilijua maana yake. Mdudu huyu hujipasua kwa urefu, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, na damu ikiwajia juu wanatafuta mahali pa ndani zaidi. Tezi ikinywea, wamehama. Chembe nyeupe za mwili zinawafuata huko waliko, hadi kwenye maji ya mgongo na ya ubongo, na hapo ndipo mtu anaanza kupotea. Yote hayo niliyajua kwa kichwa, na ningeweza kusema siku yoyote. Kundi letu lilikuwa limehamia Salamabila kupima wafanyakazi wa dhahabu, na kutoka kule barua moja ingetosha. Kila Jumapili nilijipa sababu ya kungoja Jumapili nyingine. Nilikuwa mwoga, na pia nilijifariji kwa wazo kwamba labda nilikosea, labda macho yangu hayako vile wanavyoyasifu.

Mwezi wa nane ikaja barua ya Mama, iliyoandikwa na katekista. Ilisema Emilienne anashona huku amelala.

Nilipofika nilimkuta mbele ya cherehani mchana mweupe, kidevu kifuani, mguu ungali ukikanyaga. Gauni la komunyo lilikuwa chini ya sindano. Mshono ulianza umenyooka kama alivyozoea, ukayumba, ukapinda, ukatoka nje ya kitambaa. Nilimwamsha. Akanitazama kama mtu wa kupita njia, kisha akanitukana kwa sababu ya kikombe ambacho hakuna aliyekigusa, kisha akalia. Emilienne hakuwa mtu wa kutukana.

Tukampeleka kwa lori lazareti ya Kasongo, hospitali ya wagonjwa wa malale. Munganga, daktari wa pale, alichota maji ya mgongo, na Faradji, aliyekuwa amehamishiwa huko, alipaswa kuhesabu chembe nyeupe ndani yake. Mtu mwenye afya hafikishi tano. Faradji aliyaweka maji yale chini ya hadubini, akasimama, akanivutia kiti.

"Hesabu weye," akasema.

Nilihesabu mia mbili na kumi na mbili. Zilikuwa zimejaa pembe hadi pembe, na katikati yao wakipita wale wale, wazima, wenye haraka yao. Niliandika namba kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa namba ile dawa mpya haikuwa yake tena. Kwa mgonjwa kama yeye ilibaki sindano ya zamani tu, ile ile ya Mama. Nilipotoka nje Faradji alinifuata, akasema kwamba siku ile ya Lusangi aliulizwa kama kuna kinachotembea, hakuulizwa kama kuna kilichokufa, na kwamba jibu lile halimpi raha akisali.

Wiki ya tano Emilienne aliuliza ni nani anayechoma majani karibu na wodi, maana moshi umejaa ndani. Hapakuwa na moshi. Wakaisimamisha sindano siku ile ile, lakini moshi wake haukuondoka, ukaongezeka kila siku mpaka asubuhi moja akaniuliza kama kumekucha. Usingizi, huo ulimtoka. Akili ikarudi yote, na utani wake ukarudi nao. Aliwaambia wagonjwa wenzake, masista, hata dereva wa lori, kwamba yeye yuko hai kwa sababu ana ndugu mwenye macho, ndugu aliyeacha kazi Salamabila akamleta kabla hajafa. Alinisifu mbele ya watu. Nami niliyezoea kupenda sifa nilitamani anitemee mate.

Lori lilitushusha kwenye njia panda ya Lusangi. Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa kutembea, kati ya mashamba ya mihogo. Mama alikuwa amekuja kutungoja na fimbo yake, peke yake, kwa njia anayoijua kwa nyayo. Emilienne alikuwa ameshika mkono wangu. Akaanza tena kumweleza Mama habari za macho yangu, na hapo nikashindwa.

"Ile siku ya mustari niliwaona," nikamwambia. "Mu kioo yako. Niliwaona."

Hakunielewa upesi. Kisha akauliza walikuwa wanafanya nini.

"Walikuwa wanacheza."

"Na weye ulisema nini?"

"Sikusema. Niliacha kioo ku jua mpaka wakakufa."

"Juu ya nini, yaya?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya macho yake. Nikamwambia na habari ya dawa mpya, kwamba niliisikia asubuhi ile ile, kwamba sikuiamini. Niliyasema yote, kwa sababu nilikuwa nimeshayabeba vya kutosha. Mama alisimama bila kusogea, fimbo yake imechimba udongo.

Emilienne aliuondoa mkono wake kwenye mkono wangu, polepole, kidole kimoja kimoja. Akanyoosha mikono mbele yake hewani.

"Mama, uko wapi?" akasema. "Unipe bega."

Mama akagonga fimbo chini mara mbili, naye akaifuata sauti ile mpaka akampata. Wakaanza kwenda, Mama mbele, yeye nyuma, lile bega lake lililoshuka likiwa upande wa shamba. Nilichukua furushi lake nikawafuata kwa mbali. Walifika mahali mvua ilipokuwa imekata njia, Mama akakosa, wote wawili wakaingia kwenye mihogo. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni kushoto. Emilienne alikuwa amezisikia hatua zangu.

"Usitufuate, yaya," akasema bila kugeuka.

Nikasimama. Walipapasa miche ya mihogo mmoja baada ya mwingine, wakarudi nyuma, wakaipata njia. Nilibaki na furushi mkononi nikiwatazama mpaka walipopotea, na niliwaona vizuri muda wote, maana macho yangu hayana ubaya wowote.