Kwanza Anitembeze kwa Boti

Bi Nasma wa Kiegeani aliposwa akiwa na wajukuu wanaokwenda shule. Mposaji alikuwa Mzee Jabir, mgane wa Utende, mwenye boti ya mashine ya kutembeza wageni ghubani. Watu walidhani atakataa kwa haya, au atakubali kwa upweke. Hakufanya hili wala lile. Akamwambia aliyetumwa: "Kwanza anitembeze kwa boti. Jibu lake atalipata hukohuko majini."

Mtaa mzima ukacheka, wakasema bibi anataka kustarehe. Sababu aliijua mdogo wake tu, Bi Umi. Marehemu Taufiki, mume wa Bi Nasma, alikuwa mtu mwema na mchapakazi, hakumpiga mkewe wala kumnyima. Ila maisha yake yote hakuwahi kukosea. Akivunja chungu, basi chungu kiliwekwa pabaya. Mvua ikimnyeshea, mke hakumkumbusha mwavuli. Bi Nasma alimzika kwa machozi ya kweli, kisha akajiapiza kwamba nyumba ya mwanamume asiyekosea haingii tena. Na utamjuaje? Barazani kila mwanamume ni mtamu.

Basi asubuhi moja ya jua jepesi, dada mtu na mdogo mtu wakashuka Utende na vyakula vya kutosha kulisha harusi: pweza wa nazi, mkate wa kumimina, vitumbua, chupa ya chai ya tangawizi. Mzee Jabir alikuwa keshafika, shati limenyooka kwa pasi, kofia imekaa upande kidogo kama ya kijana.

"Karibuni, karibuni. Vaeni haya majaketi, ndiyo sheria ya boti yangu."

"Shemeji, hili halinifungi," akasema Bi Umi. "Aliyelishona hajawahi kuona mwanamke."

"Bado hujapata shemeji," Bi Nasma akamnong'oneza. "Kaa chini."

Mashine ikanguruma, boti ikainua pua, wakaliacha gati. Maji ya ghuba yalikuwa ya kijani kibichi, ukiinama unaona mpaka mchanga chini. Upepo ukaipeperusha mitandio, Bi Nasma akajikuta anacheka bila kuchekeshwa. Miaka yote hiyo amesuka mikeka akiitazama bahari hii kutoka pwani, hakujua kwamba ukiwa katikati yake kisiwa chenyewe ndicho kinachoonekana kinaelea. Wakapita kisiwa cha Chole, popo wakubwa wananing'inia mitini kama nguo zilizoanikwa.

Hapo mashine ikakohoa, ikazima.

"Nimeipumzisha," Mzee Jabir akasema upesi, huku anaivuta kamba mara ya tatu na jasho linamtoka. "Ili muwasikie ndege."

Bi Umi akamkanyaga dada yake mguu.

Mashine ikawaka, wakaenda. Mara wimbi la ubavuni likapanda, likawamwagia wanawake wote wawili, kitumbua cha mkononi kikawa uji.

"Hiyo ni baraka ya bahari! Wageni huilipia hiyo."

"Basi mimi nirudishie baraka yako, nilikuwa nimepaka wanja," akasema Bi Umi.

Bi Nasma akaukamua mtandio, na moyo ukamshuka kidogo. Mara mbili hizo hajakiri. Taufiki naye alianza hivihivi, kwa maneno matamu.

Wakaingia mkondo wa mikoko, kati ya Chole na kisiwa cha Juani. Njia ile maji yakipwa sana hukauka, watu wakavuka kwa miguu. Mzee Jabir akasema wasiwe na wasiwasi, maji bado yapo tele, yeye kahesabu. Na kweli alihesabu, kwa tarehe ya mwezi kama mabaharia wote. Lakini mwezi ule watu hawakuuanza pamoja: wengine walifuata ulioonekana nchi za mbali, wengine wakangoja wauone kwa macho yao. Mzee Jabir alikuwa wa kundi la kwanza, na kwa ubishi wa msikitini akahesabu mpaka maji kwa tarehe hiyo. Akawa mbele kwa siku moja, maji yakapwa mapema kuliko alivyotarajia, na bahari haina habari ya ubishi wao.

Boti ikasema *kwaruu*, ikasimama. Akaipandisha mashine, akashika upondo, akasukuma, akashuka majini akasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Wapi.

"Hapa," akasema anahema, "ndipo ninaposimama wageni wakitazama viti vya pweza, vile vyenye umbo la nyota. Kile pale, chekundu."

Maji yakazidi kwenda zake. Boti ikalala ubavu, vikombe vikabingirika. Wanawake wa Juani wakatokea kwa miguu, mizigo kichwani, matope ya vifundoni. Wa mbele, Chiku, akapaza sauti:

"Mzee Jabir! Unalima humo?"

"Napumzisha wageni!"

"Na leo kwenu mwezi ngapi?"

Wenzake wakaangua kicheko, wakapita wakipigana vikumbo. Mzee Jabir akageuka akaitazama mikoko.

Bi Nasma alishalipanga jibu lake: nimeshukuru, Mungu akupe aliye bora kuliko mimi. Lilikuwa limefika mdomoni. Lakini akaona amwulize kwanza, asije akamdhulumu.

"Jabir," akasema taratibu, bila kutanguliza Mzee. "Tumesimama, au tumekwama?"

"Tume..." Akakohoa. Akaivua kofia, akaipiga pajani, akaivaa tena. Bi Umi akaacha kutafuna.

"Tumekwama," akasema. "Nimekosea mimi. Hesabu yangu si sahihi, na nilijua nilipoona mizizi imetoka nje, nikaona aibu kugeuza mbele yako. Na mashine ile ilizima yenyewe, sijui ina nini. Na wimbi sikuliona, Bi Nasma, nilikuwa nakutazama wewe."

Bi Umi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Bi Nasma hakucheka. Alimtazama yule mzee aliyelowa, amesimama matopeni na masikio mekundu, akahisi kitu kifuani kinalegea taratibu.

"Tuma mtu kwa kaka yangu Mbaraka," akasema. "Baada ya Ijumaa. Mwambie mimi nimekubali."

Mzee Jabir akatazama huku na huku kama aliyepotelewa na kitu. Kisha akakimbilia nyuma ya boti, akaweka bega, akaanza kuisukuma kwa nguvu zake zote, na maji yenyewe yako mbali kule hata hayasikiki.

"Shemeji, njoo ule, mpaka adhuhuri hapa hatoki mtu!" Bi Umi akaita.

"Mwache," akasema Bi Nasma, huku anammiminia mzee chai. "Mwache asukume."