Kinanda Kisicho na Ngoma

Tangu mafuriko yabebe kinanda chake cha zamani, Komora hakuwa na kazi, na nyumbani kwake Wenje hapakuwa na sauti. Mkewe Loise, aliyekuwa akiimba naye harusini, alikufa kabla ya maji kuja. Buya, mpiga ngoma wao, alikwishahamia Kipini. Sasa Komora alisimama dukani kwa Abdikarim, Garsen, mbele ya vinanda viwili vya bei sawa.

"Chukua hiki cha dijitali, mzee," alisema Abdikarim. "Bendi nzima imo ndani. Hulishi mtu, humngoji mtu."

Akabonyeza. Ngoma ikaanza, besi ikafuata, kwaya ya wanawake ikaingia. Komora akapiga wimbo ambao Loise alizoea kuuitikia. Wanawake wa mashine waliitikia papo hapo. Loise alikuwa akichelewa kidogo kila mara, maana lazima acheke kwanza. Komora akaondoa mikono.

"Na hiki?"

"Hicho cha analogi ni taabu tupu. Kijana wa studio ya Malindi alikiacha. Sauti moja kwa wakati, nayo uitafute mwenyewe kwa kuzungusha hivi vifundo. Joto likizidi sauti inapotoka, unairudisha kwa mkono. Ngoma hakina."

Komora akazungusha kifundo. Sauti ikanguruma kama kiboko, ikapanda, ikakonda. Ilikuwa peke yake kweli. Lakini alijua akibeba kile kingine, hatamhitaji mtu tena mpaka siku ya kuzikwa.

"Nifungie hiki."

"Utapiga na nani, mzee?"

Komora alilipa, akakaa kivulini nje, kinanda mapajani, akampigia Buya.

"Nimepata kinanda. Hakina ngoma."

"Leo umekumbuka kwamba niko hai? Tangu tumzike Loise nakupigia, hushiki. Nikadhani umeliwa na mamba."

"Mamba hataki nyama kavu."

Buya akacheka. Nyuma yake watu walikuwa wakizungumza. Huko alikuwa na watu.

"Kuna harusi Wenje," Komora alisema. "Sina mtu."

"Wenje ni mbali, bwana."

"Najua."

"Nitaona."

Simu ikakatika. Abdikarim alichungulia mlangoni.

"Mzee, bado naweza kukubadilishia."

Komora alijitwika kinanda begani, akaenda kutafuta gari la Wenje.