Kicheko cha Raafat

...na anayecheka kuliko wote ni Raafat, mume wa Inas, anajipiga paja, mbegu za alizeti zinamwagika, punda huyu, anasema, hata uongo hajui, na Inas ametazama mbele, shingo imekakamaa, maana kwenye skrini mume kaingia nyumbani nywele zimelowa, zinanukia sabuni ya nyumba nyingine, anamwambia mkewe bomba limepasuka ofisini, na filamu yote kaiandika Inas ila maneno hayo hakuyatunga, aliambiwa hivyohivyo, jikoni kwao Shubra, mchuzi wa molokhia ukipoa... Raafat atajitambua, sasa hivi atageuka, na Idi yote hii Inas amekosa usingizi akiiwazia shingo ya mumewe ikigeuka... hageuki. Ukumbi mzima unamcheka mume wa kwenye skrini, naye Raafat anacheka nao, bi mkubwa wa mstari wa mbele anaipigia skrini kelele, “Mwache, binti yangu! Unangoja nini, akuletee na mtoto?” na watu, “Sema, hajja, sema!” na Raafat anamwinamia Inas sikioni, “Huyu mwanamke wako umemfanya mjinga mno. Nani ataamini bomba?” nani, kweli, nani, na siku ile aliyemkimbilia na taulo alikuwa nani, si yeye... na mtayarishaji wa filamu naye alivyomwambia, sigara mdomoni, bibi Inas, mwishoni mrudishe mke kwa mumewe, Kairo inapenda hivyo, watu wamelipa wacheke, Inas akagoma, yeye ambaye hajapata kugomea hata chumvi, akaandika mlango unafungwa, basi, kisha akaenda nyumbani akampigia Raafat shati pasi... huu hapa mlango, mke kashika sanduku, ukumbi kimya, watamzomea, watasema hana adabu, mtayarishaji alijua... unafungwa. Hajja ndiye anayeanza, kigelegele kimoja, kirefu, cha pili kinajibu kutoka viti vya juu, kisha makofi, wanaume kwa wanawake, na Inas anagundua hamtazami tena Raafat, hajui tangu lini, na kwamba muda wote huu hakuwa akiogopa, alikuwa akingoja Raafat ajione, aone haya, amrudie, na sasa hapana, asijione, acheke tu hadi uzeeni... “Lakini atarudi, eti?” anauliza Raafat, anajifuta machozi ya kicheko, vigelegele bado vinalia, “hata kama hukuonyesha. Wote hurudi.” “Harudi,” anasema Inas, naye hazungumzii filamu.