Swali la Mwalimu Nzioka kwa Balozi

...kwa hiyo omba radhi kwanza, halafu uliza, hapana, uliza tu, inua mkono kama mwanachama mwingine yeyote useme Balozi, nina swali, na sauti isitetemeke, Mwalimu Nzioka alijiambia, karatasi ya neno la shukrani ikilowa jasho mkononi mwake, na pale mbele Balozi Gakenia akisema kwamba dunia ya leo haina tena kambi mbili, ina kambi nyingi, na nchi ndogo yenye akili hukaa mezani na kila mtu, na wale watu thelathini na wawili kwenye ukumbi wa kanisa, wengi wao walimu wastaafu kama yeye, wakaguna kwa kuridhika, maana hii ndiyo ilikuwa raha yao ya mwaka mzima, mkutano mkuu wa Chama cha Masuala ya Kimataifa, Kitui, kumbukumbu zimeshathibitishwa, viongozi wamechaguliwa bila kupingwa, yeye Nzioka katibu tena, mwaka wa kumi na nne sasa, na baada ya mhadhara ni maswali, na baada ya maswali ni yeye kusimama na kumshukuru mgeni kwa niaba ya wanachama, amshukuru kwa lipi, kwa yale aliyomwambia kando ya tangi la maji saa nne, wakati wengine wanakunywa chai... hapana, usiende huko, sikiliza mhadhara, wewe ndiye uliyemwalika, barua tatu uliandika, ukamwambia mwenyekiti Evanson kwamba huyu mama amekaa miji mikubwa ya dunia, atatufungua macho, na Evanson akafurahi, hakujua, hakuna anayejua hapa ndani, wanajua tu kwamba kijana wa Mwalimu yuko ng'ambo na anaendelea vizuri, kwa sababu Mwalimu mwenyewe ndivyo anavyosema kila akiulizwa, anaendelea vizuri, baridi tu ndiyo inamsumbua.

Asubuhi mkewe Kalondu alikuwa amempigia pasi shati jeupe, akamfunga kifungo cha juu kama mtoto wa shule, akasema, "Baba Mutie, muulize mbele ya watu. Mbele ya watu hawezi kukukatalia," na yeye akasema sawa, nitamuuliza, akatoka nyumbani Matinyani na neno hilo limemkaa kifuani, mbele ya watu, na sasa watu ndio hawa, na maikrofoni iko hatua nne tu kutoka kiti chake, na mkono uko wapi, mkono umeshika karatasi. "Uhusiano wetu na Urusi," Balozi alikuwa akisema, "na vilevile uhusiano wetu na Ukraine, tunautazama kwa makini, kwa maslahi ya taifa," na jina la ile nchi lilipotajwa Nzioka alihisi kama ameguswa bega kwa nyuma, Urusi, alilifundisha neno hilo miaka thelathini, mito yake, makaa yake ya mawe, reli ndefu kuliko zote, darasa zima likiimba majina ya miji, na Mutie mdogo akiwa dawati la mbele, haruhusiwi kumwita baba mpaka kengele ya kwenda nyumbani ilie, akimwita mwalimu kama wenzake... na miaka ikapita, ikaja ile Jumapili baada ya kanisa, Mutie ametoka Kalamba alikokuwa anafunga sola kwenye maduka ya sokoni, ana miaka ishirini na sita na stashahada ya umeme ambayo hakuna aliyewahi kuiomba aione, amekaa kwenye kochi na simu yake, akasema, "Baba, kuna ajenti Nairobi anapeleka watu Urusi, kazi ya ghala, kupanga mizigo. Lakini kuna vita huko. Wewe ndiye unajua mambo ya nje. Niende?"

Niende. Angesema tu sijui. Mtu mzima anaweza kusema sijui, dunia haianguki, lakini yeye alisimama, Mungu wangu, alisimama akaenda kabatini akatoa atlasi, akaifungua mezani juu ya sahani za muthokoi ambazo hazijaondolewa, akachukua rula, rula, akapima kutoka mji wa lile ghala mpaka pale penye vita, akasema unaona, ni zaidi ya kilomita elfu moja, ni kama mtu wa hapa kwetu Kanyangi akose usingizi kwa sababu ya bunduki za Kongo, akaendelea, akaeleza historia, akaeleza mikataba, saa nzima, na raha aliyoisikia saa hiyo ndiyo haimtoki, raha ya kuulizwa na mtoto ambaye siku hizi hakuwa akimuuliza kitu, na Kalondu akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akasema, "Mimi sitaki," maneno mawili, na yeye bila hata kuinua macho kwenye ramani akamjibu, "Wewe huelewi mambo ya nje," mbele ya mtoto, na mtoto akacheka kidogo, wakacheka wote wawili, baba na mwana, wasomi... "Mwalimu, uko sawa?" Ni Bilha, nesi mstaafu, aliyekaa kiti cha pili, anamnong'oneza, "unatoka jasho hivyo," na yeye akasema ni joto, Bilha, ni joto tu, na Bilha akampa karatasi ya ajenda ajipepee, akajipepea, kwa heshima.

Ghala lilikuwepo wiki tatu. Halafu Mutie akaandika kwamba wamepewa karatasi za kutia sahihi, zimeandikwa kwa zile herufi zao, wameambiwa ni za kuongeza visa, halafu wakapandishwa basi, halafu kimya cha siku tisa, halafu ule ujumbe wa sauti, Nzioka ameusikiliza peke yake shambani nyuma ya zizi mara nyingi mpaka anajua pale Mutie anapovuta makamasi na pale mtu anapopiga kelele kwa nyuma, "Baba, wametupa nguo za jeshi. Tuko kama kumi, watu wa Afrika. Kesho tunapelekwa mbele. Usimwambie mwaitu, sawa? Baba, nilidhani wewe..." na hapo unakatika, nilidhani wewe, wiki kumi na moja anajaza nafasi hiyo, nilidhani wewe utajua, nilidhani wewe utanikataza, na hakumwambia Kalondu, mama yake, alimwambia tu kwamba kuna tatizo la makaratasi, kwamba yuko mahali simu hazishiki, akaenda Nairobi mara mbili, ofisi hii ikamtuma ile, ile ikamwambia aandike barua pepe, na kila asubuhi Kalondu akimimina chai anauliza, "Wamesema nini?" na yeye anajibu, "Wanafuatilia."

"Mwenyekiti, samahani!" Sauti kutoka viti vya nyuma, ni Ndululu, aliyekuwa karani wa mahakama, mtu asiyeweza kungoja zamu, "huyu mgeni wetu amesema Urusi. Sasa hawa vijana wetu wanaoenda kupigana huko, serikali inafanya nini? Ama ni tamaa yao tu, mtu anajua kuna vita na bado anaenda?" na watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, mtu mmoja akasema kweli, walijitakia, na Evanson akagonga meza na kalamu, "Ndululu, maswali ni mwisho," lakini Balozi akasema mwacheni, nitamjibu, na Nzioka akaacha kujipepea. Hili ndilo swali. Limeshaulizwa, mbele ya watu, na mdomo mwingine, na yeye hakuhitaji hata kusimama. Balozi akavua miwani, na kabla ya kusema lolote macho yake yakatembea kwenye safu ya kwanza mpaka yakamfikia Nzioka, yakakaa hapo kidogo, yakaondoka. "Ni suala zito," akasema. "Wahusika wanalifuatilia kwa karibu kupitia njia za kidiplomasia, na tuna matumaini." Ndululu akasema asante, akaketi.

Tuna matumaini... Na saa nne kule kwenye tangi, mama huyuhuyu, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza ni lini mara ya mwisho, akauliza alitia sahihi nini, akauliza kama kuna yeyote katika wale kumi ambaye nyumbani kwao wamepata simu, na Nzioka akasema hakuna, nimewatafuta jamaa za watatu, wote kimya, tangu siku moja, na mama akamwaga chai yake chini kwenye nyasi, taratibu, akasema, "Mwalimu, nitakwambia vile ningetaka mimi niambiwe. Usingoje simu," halafu wakaitwa kwenye picha ya pamoja, wakapigwa picha, wamesimama bega kwa bega, na katika picha hiyo labda anatabasamu, amezoea kutabasamu kwenye picha za chama. Kwa hiyo mtu mmoja ana maneno mawili, ya ukumbini na ya kando ya tangi, na mama huyu si mwongo, alimpa ya kweli pale alipoweza, yeye ndiye anayempa mke wake maneno ya ukumbini kila asubuhi, mezani, kwenye chai yake mwenyewe, wanafuatilia, wanafuatilia, kama yeye ni wizara na Kalondu ni umma.

Amekufa. Alijaribu neno hilo ndani, polepole, Mutie amekufa, na hakuna kilichotokea, feni iliendelea kulia, Bilha alifungua pipi, Balozi alirudi kwenye karatasi yake akasema sasa tuangalie bandari na reli, na Nzioka akaona kwamba hatainua mkono leo wala siku nyingine, hakuna mtu wa kuulizwa, kaburi halitakuwepo, hakuna mahali pa kwenda kuketi... na ndipo lilipomjia, hajui kwa nini sasa, jambo la Jumanne iliyopita, Kalondu akitoka chumba cha Mutie na zile gamubuti zake, mpya kabisa, akamwita mkulima mwenzao ng'ambo ya ua akampa, na Nzioka akamuuliza mbona unatoa viatu vya watu, na Kalondu akasema, "Vitapasuka tu bure humo ndani," akaenda kuchagua mbaazi, na asubuhi yake, akimimina chai, bado akauliza, wamesema nini, akimtazama usoni, akingoja, akimtazama... anajua. Mama yake Mutie anajua, tangu lini, Nzioka hajui, lakini anajua, haulizi habari za Mutie, hajawahi kuuliza habari za Mutie, anamuuliza yeye, kila asubuhi anamfungulia mlango, na kila asubuhi yeye anasimama nje na kusema wanafuatilia, na yule mwanamke amebeba maiti ya mtoto wake peke yake ndani ya nyumba, anapika nayo, anampigia pasi shati nayo, kwa kuwa mume wake, anayejua mambo ya nje, hajapata nguvu ya kushika upande wa pili. Evanson akainama akamnong'oneza, "Dakika kumi na tano, Mwalimu, halafu ni wewe," na Nzioka akaitikia kwa kichwa, na mbele Balozi akafungua ukurasa mwingine.